Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Kuacha Tumbaku, Lamu

Assalaam alaykum, ndugu wanachama.

Shughuli za kawaida mwazijua: usafi wa uwanja wa Mkunguni, mawaidha ya Ramadhani, kuzuru skuli za Langoni na Matondoni. Zote zilifanyika, alhamdulillahi. Sitawachosha.

Hesabu: tulianza na Sh31,400, zikaingia 46,000 za ada na misaada, zikatoka 52,750, zimesalia 24,650. Daftarini mko 64, waliomaliza ada ni 23. Mkutano wa Julai walikuja 11, akidi ikakosa, chai ya watu 40 ikanywewa na watoto wa madrasa. Ajabu ni kuwa wasiolipa ndio wenye maneno mengi juu ya ile metfomini, basi na tuliseme.

Wenzetu kadhaa walitaka Sh20,000 za mfuko zinunue vidonge vya metfomini, dawa ya kisukari, wagawiwe wanaoacha sigara. Hoja yao ni utafiti wa 2018 wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Nilikataa, na kumbukumbu zinaonyesha ni mimi niliyekataa. Nimeitwa dikteta barazani. Haidhuru.

Utafiti wenyewe niliusoma, na sidhani tuko wengi. Waliojaribiwa ni panya. Walipewa nikotini mfululizo, kisha wakakatiwa. Panya aliyekatiwa hushikwa na wahaka: akiwekewa chakula akipendacho mahali pageni, hukawia kukigusa. Waliopata metfomini wahaka ulipungua, kwani dawa hiyo huamsha ubongoni AMPK, kimeng'enya kinachosimamia nishati ya seli, ambacho nikotini hukiamsha na kukatiwa hukizorotesha. Habari njema, sikatai. Lakini panya yule hakuamua kuacha, wala hakai Mkunguni baada ya alasiri huku sahibu yake akimnyooshea pakiti. (Aliyeuliza kama tujaribu kwa punda alikuwa akitania, nataraji.)

Nikaambiwa metfomini ni dawa ya zamani, haina hatari. Lakini kufaa kwa panya si kufaa kwa watu. Dawa iitwayo rimonabanti nayo ilipunguza hamu ya nikotini kwa panya. Ulaya iliidhinishwa 2006 kwa unene, 2008 ikasimamishwa kwa sababu ya sonona na fikra za kujiua. Bupropioni ilikuwa dawa ya sonona, na Marekani iliidhinishwa 1997 kwa kuacha sigara, ila baada ya kujaribiwa kwa watu. Metfomini kwa mwenye figo mbovu si ya kuchezea. Nani angewapima figo? Mwekahazina?

Tena, bibi mmoja wa Mkomani aliishiwa na vidonge vyake vya metfomini kabla ya siku ya kliniki, kumbe mjukuu, mwenzetu hapa, alikuwa akijichotea. Jina silitaji. Hapo nikajua uamuzi wangu ulikuwa sawa.

Fedha zile zilikwenda kwenye chingamu za nikotini za kumsaidia anayeacha sigara, zilizomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Wazo hilo pia lilikuwa langu, ingawa wapo wanaojitwalia sifa. Pakiti kadhaa zimebaki kabatini kwa sababu walioziomba hawakurudi kuzichukua.

Mwakani, Mungu akipenda, tunataraji kupata ukumbi wetu, na pengine daktari wa kutuzuru mara kwa mara. Ada ni Sh500. Mwekahazina yuko dukani kwake kila siku baada ya isha.