Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kupandisha Vyeo: rekodi za lugha nazo zihesabiwe

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili si la mtu mmoja. Mwanafonolojia, yaani mtafiti wa mfumo wa sauti za lugha, anayetoka uhadhiri msaidizi kuelekea uprofesa hupimwa kwa idadi ya makala, sawa na wenzake wa fani ambazo data hukutwa tayari maktabani. Yeye data yake haipo mpaka aifuate kwa wasemaji, aisikilize na kuiandika.

Chukua toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakoweza kubadili maana ya neno. Katika lugha kadhaa za Kibantu, toni mbili za juu zikifuatana, ya pili hushuka. Ndiyo Kanuni ya Meeussen. Maana yake, mtafiti hawezi kumwomba msemaji ataje orodha ya maneno kisha akaaga. Neno moja ataliuliza likiwa peke yake, kisha baada ya kitenzi, kisha katikati ya sentensi, na yote hayo atayarudia kwa msemaji mwingine. Akirudi mezani anavaa vipokea sauti na kuirejea sekunde ileile tena na tena, jicho likiwa kwenye mchoro wa sauti, apate kujua kama silabi ya pili imeshuka kwa kanuni au msemaji alikuwa anamalizia sentensi tu. Saa moja ya rekodi hula makumi ya saa za kazi hiyo. Halafu kamati inauliza: makala ngapi mwaka huu?

Kazi zilizoijenga fonolojia zingekwama katika kipimo hicho. John Goldsmith alianzisha fonolojia vipandesauti huru, inayoiweka toni kwenye tabaka lake, mbali na konsonanti na irabu, kwa tasnifu yake ya uzamivu ya 1976, na toni ndiyo iliyomsukuma huko. Alan Prince na Paul Smolensky waliisambaza Nadharia ya Umbo Upeo, isemayo kwamba umbo linalotamkwa ndilo linalotimiza vyema zaidi masharti yanayoshindana, mwaka 1993 ikiwa muswada. Kitabu kilitoka 2004. Kwa miaka 11 hiyo ilifundishwa madarasani, ikapingwa, ikarekebishwa, na tasnifu zikaandikwa juu yake. Kamati inayohesabu vilivyochapishwa tu ingeandika sifuri.

Hasara naiona kwa wahadhiri vijana. Wanaanza na lugha ambayo haijachunguzwa vya kutosha, wana masikio mazuri na subira, kisha muda wa kuombea cheo unakaribia na wanahamia mada zinazotoa makala haraka. Siwalaumu, wana familia. Lakini wazee wanaoijua lugha ile vizuri hawatatungoja tumalize mambo ya vyeo.

Naomba rekodi zilizonukuliwa kifonetiki, yaani kwa alama za matamshi, zikafafanuliwa na kuhifadhiwa mahali ambapo watafiti wengine wanazifikia, zihesabiwe kama chapisho. Kamusi yenye alama za toni isipewe uzito wa kijitabu cha ziada. Mhadhiri akiandika pamoja na msemaji wa lugha, asikatwe alama eti kazi si yake peke yake. Msemaji huyo mara nyingi ndiye anayegundua kwamba uchambuzi umepotoka.

Na kwa mafaili yatakayofika kikao kijacho, kila faili la fonolojia lisomwe na angalau mwanafonolojia mmoja kutoka nje ya chuo, apewe rekodi zenyewe pamoja na muda wa kutosha kuzisikiliza kabla hajaandika tathmini yake.

Wako katika taaluma,
Mwalimu wa isimu