"Imeandikwa" peke yake haimalizi ubishi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba Mkristo wa kweli anaichukua Biblia kama ilivyo, neno kwa neno, na anayesema siku 6 za uumbaji kwenye kitabu cha Mwanzo ni lugha ya picha eti ameshaikana imani na kufuata wasomi wa kisasa. Hapo kwenye "kisasa" ndo aliponichokoza.

Origen wa Alexandria, mwalimu wa Kanisa, alikuwa mtu wa karne ya 3, habari za Darwin na nadharia yake ya mageuzi ya viumbe angezitoa wapi, na bado aliuliza itakuwaje siku ya kwanza, ya pili na ya tatu ziwe na jioni na asubuhi wakati jua linakuja kuwekwa siku ya nne? Askofu Augustino naye (354-430) aliona Mungu aliumba vyote kwa mara moja na zile siku siyo kama hizi zetu, tena akawaonya Wakristo waache kuropoka habari za nyota na mbingu kwa kisingizio cha Maandiko mbele ya wasioamini wanaozijua hizo habari, maana wakishawacheka kwa hilo watawasikiliza vipi wakihubiri ufufuo? Huyo naye wa kisasa?

Ila jamani sisemi kwamba mafumbo, yaani kusoma kila kitu kama alama ya kitu kingine, ndo salama. Augustino huyohuyo alipofika kwa Msamaria Mwema akasema yule aliyepigwa njiani ni Adamu, wanyang'anyi ni Shetani na malaika zake, nyumba ya wageni ni Kanisa, na mwenye nyumba ni mtume Paulo! Inapendeza kuisikiliza, lakini lile swali la mwanasheria, "jirani yangu ni nani?", ambalo ndo lilimfanya Yesu atoe huo mfano, limeyeyuka kabisa. Ndo maana walimu wa Antiokia, kina Theodoro wa Mopsuestia, waliwabana sana watu wa mtindo wa Origen wa kusoma kwa mafumbo, wakitaka kwanza habari yenyewe ieleweke inasema nini. Kila kitu kikiwa alama ya kitu kingine mhubiri anaisemesha Biblia analotaka na hakuna wa kumbishia.

Kinachonishangaza zaidi ni meza ya Bwana. Mwaka 1529 pale Marburg, Ujerumani, Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti ambaye mafumbo alikuwa hayapendi, aliandika kwa chaki juu ya meza "huu ndio mwili wangu" akagoma kusogea hata hatua, Zwingli, mwanamageuzi mwenzake wa Uswisi, naye anasema hayo maneno ni ya mfano, na wakaachana bila kukubaliana kwenye hilo. Sasa angalia leo, makanisa mengi yanayokomalia siku 6 za saa 24 ndo hayohayo yanayosema mkate ni ishara tu, halafu Wakatoliki wanaosemwa kwamba wanaisoma Mwanzo kirahisirahisi ndo wameyashika yale maneno ya Yesu kama yalivyo. Nani hapo anasoma neno kwa neno? Wote wanachagua pa kukaza na pa kulegeza, ila wengine wanakiri na wengine hawakiri.

Kwangu mimi Thomas Akwino, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, ndo alilikata vizuri, kwamba maana zote nyingine lazima zisimame juu ya maana ya maneno yenyewe, na lugha ya picha ni sehemu ya hiyo maana ya maneno. Maandiko yakitaja mkono wa Mungu hayasemi Mungu ana kiungo cha mwili, yanasema uwezo wake wa kutenda, na ukisoma hivyo hujaongeza fumbo lolote, umemuelewa tu aliyeandika. Kwahiyo kazi ya kwanza ni kujua umeshika nini mkononi, ni zaburi, sheria, mfano, maono au habari ya wafalme, ndo uanze kugombana na watu. Paulo mwenyewe kwenye Wagalatia 4 aliwafanya Hajiri na Sara kuwa maagano mawili na wala hakusema hawakuwahi kuishi.

Namuomba huyo msomaji akiandika tena atuambie Mathayo 5:42 anaitekelezaje, pale Yesu anaposema akuombaye mpe na anayetaka kukopa usimpe kisogo, neno kwa neno kama anavyotaka. Maana nikifika hapo na wenzake huwa naambiwa haraka sana kwamba ile ina maana ya kiroho.

Msomaji wenu