Msikimbilie kuongeza mitambo, hiyo iliyopo barabarani haitunzwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hii mitambo mizito ya miradi ya barabara, mana kila barabara ikichelewa maelezo ni yale yale, mitambo haitoshi, tunaleta mingine. Mimi ni opereta wa greda na kazi hii nimeifanya muda mrefu, na ninachokiona saiti mara nyingi sio uchache wa mitambo. Mitambo ipo. Mmoja umepaki unasubiri mpira wa haidroliki, yani bomba la kupitisha oili ya presha, mwingine unanguruma tu unasubiri tipa, wa tatu mzima kabisa ila boza la maji halijarudi kwa hiyo hauna cha kufanya. Ukileta wa nne nao utaenda kusubiri pale pale.

Nianze na boza mana linadharauliwa sana. Kwenye tabaka la kifusi, greda, boza na rola ni kazi moja, tipa zinamwaga, greda linasambaza, boza linanyunyiza, greda linarudi kuchanganya na kuweka levo alafu rola linashindilia. Kila udongo una kiasi chake cha maji, ukiwa mkavu haushikani hata rola lipite mara ngapi, yakizidi unakuwa tope linalocheza. Sasa nenda saiti nyingi uangalie boza ni gari gani. Ni lile gari chakavu kuliko yote, pampu inavuja, bomba la kunyunyizia limeziba nusu kwa hiyo upande mmoja unalowa na mwingine unabaki vumbi. Likikwama njiani jua linakausha tabaka lote, tunalichimbua upya, tunamwagia upya, tunashindilia upya, yani dizeli ya mashine tatu inaungua kwa sababu ya pampu moja. Alafu watu wa maabara wakija kupima ikifeli anaitwa opereta wa rola ajieleze.

Kwenye lami ndo hakuna msamaha kabisa. Lami ya moto inachanganywa kwenye nyuzi 150 hadi 160 hivi, na ikishashuka kwenye 80 rola linapita tu juu halishindilii kitu. Peva, yani mashine ya kutandaza lami, ikisimama kusubiri tipa, lami iliyo mbele na nyuma yake inapoa, na pale iliposimama utakuja kupaona baadae, gari zinaruka. Watu wanasema lami mbovu, wakati mwingine lami ilikuwa nzuri tu ila hesabu ya tipa ndo ilikosewa.

Na hesabu yenyewe sio ngumu jamani. Tuseme kijiko, yani mashine ya kuchimba na kupakia, kinajaza tipa moja kwa dakika 4, na tipa ikitoka mpaka irudi inatumia dakika 24. Mzunguko mzima ni dakika 28, gawa kwa 4 unapata tipa 7, kijiko hakilali na tipa hazipangi foleni. Lakini barabara inasogea mbele kila siku, machimbo yanabaki pale pale, baada ya muda ile safari inakuwa dakika 40. Hapo mzunguko ni dakika 44 na unahitaji tipa 11. Ukibaki na zile 7, kijiko kinakaa dakika 16 kwenye kila mzunguko bila kazi, injini inawaka. Nimeona ratiba iliyopangwa siku ya kwanza ya mradi inatumika vile vile mpaka mwisho, na hakuna mtu aliyeenda kusimama machimboni na saa mkononi hata asubuhi moja.

Alafu kuna hili la mashine za kukodi. Zinalipwa kwa masaa ya mita, na mita inahesabu injini ikiwaka tu, haijui kama inachimba au imekaa. Kwa hiyo mwenye mashine hana haraka ya kuizima, na opereta nae kaambiwa alete masaa. Mwisho wa mwezi masaa ni mengi, kazi ni ndogo, na yale masaa ya kukaa yanaisogeza mashine kwenye sevisi bila kuchimba hata jiwe. Mimi naona ni bora kwenye mkataba wakubaliane na kazi iliyofanyika, yani mita za ujazo au urefu wa tabaka, au angalau fomeni aandike kila siku masaa ya kazi mbali na ya kusubiri na asaini. Anaepinga hilo mara nyingi ni yule anaefaidika na mita.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi, nalo ni asubuhi. Mashine inatakiwa ikaguliwe kabla haijawashwa: oili ya injini, maji ya rejeta, oili ya haidroliki, kutoa maji kwenye filta ya dizeli, kuangalia bolti za tairi au kukaza kwa cheni, alafu kupiga grisi kwenye pini zote, yani vyuma vinavyoshika maungio. Ukifanya vizuri inachukua kama nusu saa, kwa kijiko inaweza kuzidi. Lakini fomeni wengi wanataka ikifika saa 1 asubuhi udongo uwe tayari unatembea, na hiyo nusu saa hailipwi, kwa hiyo inafanywa na utingo kwa kuibia, anapiga grisi zile nipo (vitundu vya kuingizia grisi) za karibu na zile za ndani ambazo mpaka uingie chini anaziacha. Grisi isipofika pini inakula bushi, yani kile kikombe cha chuma inachozungukia, bushi ikiisha pini inakula tundu lenyewe, na hapo sio grisi tena, ni kuchomelea na kuchonga upya, mashine inalala wiki. Nimeinama kwenye mkono wa kijiko nikakuta pini inacheza mpaka kidole kinaingia pembeni yake, na nipo ya grisi imezibwa na udongo mkavu uliokaa miezi. Kile kijiko kilikuwa bado kipya!

Sevisi ni hivyo hivyo. Mashine nyingi oili ya injini inamwagwa kila masaa 250, baadhi ya hizi mpya 500. Ukifanya kazi masaa 10 kwa siku, masaa 250 ni siku 25 tu, yani kama mwezi mmoja. Kwa hiyo inajulikana mapema kabisa, filta na oili vinatakiwa viwe stoo kabla, sio mashine ifike masaa yake ndo karatasi ya manunuzi ianze kuzunguka maofisini kutafuta sahihi huku mkubwa anasema isukume kwanza tumalize hiki kipande. Kipande hakiishi, injini inanoki.

Vitu vingine nitavitaja tu. Injini yenye tabo (feni ya kusukuma hewa kwenye injini) isizimwe ghafla ikitoka kwenye kazi nzito, iache ipumue dakika 3 mpaka 5. Filta ya hewa isigongwe kwenye tairi kutoa vumbi, inatoboka na vumbi linaingia moja kwa moja kwenye injini. Cheni ya katapila ikikazwa sana inajila yenyewe, na vyuma vya chini ndo vinakula pesa nyingi kuliko kitu chochote kwenye mashine ya cheni. Na mpira wa haidroliki ukivuja usipapase kwa mkono kutafuta tundu, presha ni zaidi ya baa 200, oili inapenya ngozi na mtu anaweza kupoteza mkono, tumia kipande cha boksi au ubao na mashine ikizimwa shusha ndoo chini kabisa.

Na kuna watu. Opereta wa rola au loda akirudi nyuma haoni mtu aliyeinama karibu, hata awe makini vipi. Saiti inatakiwa iwe na mtu wa bendera ambae kazi yake ni hiyo tu, sio kibarua anaeitwa dakika mbili alafu anarudishwa kwenye sepetu. Mshahara wake ni mdogo kuliko gharama ya tairi moja la greda na bado ndo wa kwanza kupunguzwa bajeti ikibana.

Ninachoomba kwa wahandisi na wakandarasi wanaosoma gazeti hili ni kwamba ile nusu saa ya asubuhi iwekwe kwenye ratiba ya kazi na ilipwe kama saa nyingine yoyote, kitabu cha kila mashine kikae kwenye mashine na sio kwenye droo ya ofisi, na mhandisi akisome mwenyewe kila wiki, mana sisi maopereta huwa tunaandika humo kwamba breki inalegea au oili inapungua, tunaandika tena kesho yake, na hakuna anaesoma.

Ni mimi,
Opereta wa greda