Chupa Tatu za Maziwa

Manchester, Uingereza

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, masomo ya afya ya jamii yanaendelea, na natumaini barua hii itawakuta nyote salama na mguu wa Mama umepata nafuu.

Wiki hii tumefundishwa jinsi maziwa yalivyokaguliwa hapa zamani, jambo lililonirudisha kwenye asubuhi ile maziwa yako yalipomwagwa mtaroni, pale kwenye kituo cha kukusanyia, mbele ya wafugaji wenzako, kwa kuwa laktomita, kile chombo cha kupimia uzito wa maziwa, ilionyesha kwamba yametiwa maji. Mimi ndiye niliyeyapeleka kwa baiskeli yakiwa bado na joto la ng'ombe, na sijasahau jinsi ulivyonyamaza.

Mji huu nao una historia yake. Mwaka 1900 maelfu ya watu wa hapa na wa miji ya jirani waliugua, na makumi wakafa, kwa bia iliyotengenezwa kwa sukari yenye sumu ya aseniki. Madaktari walidhani ni madhara ya ulevi tu, hadi Dk. Ernest Reynolds alipoichunguza bia yenyewe. Huo lakini ulikuwa uzembe wa kiwandani. Ulaghai wa kila siku ulikuwa katika maziwa: yaliongezwa maji, yalienguliwa malai, na ili yasichache yalitiwa asidi ya boriki au hata formalini, hii hii inayohifadhia maiti, mpaka dawa hizo zilipopigwa marufuku katika maziwa mwaka 1912.

Kwa kuwa wenye maduka walimjua mkaguzi wa vyakula kwa sura, mara nyingi alimtuma mwanamke au mtoto akanunue, kisha yeye akajitokeza, akamwarifu muuzaji kwamba maziwa yanakwenda kupimwa na mkemia, na papo hapo akayagawa katika chupa tatu zilizofungwa na kupigwa lakiri. Moja aliachiwa muuzaji, ya pili ilikwenda kwa mkemia, na ya tatu ilihifadhiwa, ili pakitokea ubishi mahakamani ipelekwe kwenye maabara ya serikali jijini London. Yaani mtuhumiwa alibaki na ushahidi wake mkononi, Baba, wakati wewe ulirudi nyumbani na ndoo tupu.

Tena laktomita haikuaminiwa peke yake. Maziwa yakienguliwa malai, yanayobaki huwa mazito zaidi kwa ujazo ule ule, na mlaghai akiyatia maji kidogo uzito hurudi pale pale, chombo kikadanganyika. Kwa upande mwingine, maziwa halali yenye joto huonekana mepesi kuliko yalivyo, kana kwamba yametiwa maji. Ndiyo maana mkemia alipima mafuta na yabisi nyinginezo, yaani vitu vingine vinavyobaki maji yakikaushwa, na kanuni za mwaka 1901 zikaweka kiwango cha asilimia 3 kwa mafuta na 8.5 kwa hizo nyingine. Maziwa yaliyopungukiwa yalidhaniwa kuwa yamechezewa, ila muuzaji aliruhusiwa kuthibitisha kwamba yalitoka hivyo kwenye kiwele. Basi mkaguzi alikwenda zizini, akasimama ng'ombe wakikamuliwa, akachukua sampuli nyingine ya kulinganisha. Wenyewe waliita jambo hilo kukata rufaa kwa ng'ombe. Darasa zima lilicheka. Mimi nilimkumbuka yule ng'ombe wetu mwekundu, ambaye angekuwa shahidi mzuri sana.

Sina hakika kwamba tungeshinda siku ile, kwani huenda mtu aliyachezea kabla sijayachukua. Ninachojua ni kwamba yalipimwa yakiwa ya moto, na hilo pekee lilitosha kuuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Nimenunua kipimajoto, nitampa mwenzangu anayesafiri mwezi ujao akuletee, pamoja na jedwali la kusahihisha namba za laktomita. Ukipeleka maziwa, omba yapoe kwanza, na ujaze chupa yako mwenyewe mbele ya mpimaji kabla hajaanza. Akikataa, tafadhali niandikie alivyosema, neno kwa neno.

Wasalimie Mama na wadogo zangu.

Mwanao mtiifu