Kuhusu GPS, kwa wazazi wa kikundi

Wazazi, habari za jioni. Kwa mnaouliza GPS ni nini hasa (Great Public Schools, si ile ya ramani): ni umoja wa michezo wa shule za wavulana hapa New South Wales, Australia, ulioanzishwa 1892. Wanachama ni tisa: King's, Sydney Grammar, Newington, Riverview, St Joseph's, Sydney Boys High, Shore, Scots na Armidale.

Ada za nyingi kati ya hizo zinatisha, tusidanganyane. Ila Sydney Boys High ni ya serikali, peke yake humo. Kuingia darasa la 7, mwanzo wa sekondari huku, ni kwa mtihani wa mchujo, si kwa mfuko wa baba. Wenye watoto darasa la 5, anzeni kuulizia mapema, maana maombi hufunguliwa mtoto hajafika la 6.

Armidale iko mbali, kama kilomita 500 kaskazini mwa Sydney, kwa hiyo haishiriki kila mchezo. Nayo ilianza kupokea wasichana 2016, na Newington ikaamua kufuata kuanzia 2026. Baadhi ya waliosoma Newington zamani walikuja juu kweli kweli!

Raga na kriketi mnazijua. Mimi nawashauri mkaone Head of the River, mbio za makasia za Machi kule Penrith, kwenye bwawa la Olimpiki ya 2000. Vijana wanane mashua moja, na mshika usukani mwenye umbo dogo akiwafokea mpaka mwisho. Mnaotaka twende pamoja andikeni majina hapa chini kabla ya Ijumaa, tupange magari.