Barua kwa mwanangu: habari ya mito

Mwanangu,

Ratiba yako ya safari, Lushoto hadi Pangani, nimeisoma mara mbili, ya pili na kalamu mkononi. Milima sina neno nayo. Shida yangu ni mito, na hiyo wiki ya pili ya Aprili uliyoichagua. Aprili ni masika yenyewe. Ukiweza kuwavuta wenzako hadi mwishoni mwa Juni, wavute. Juni Lushoto kuna baridi kali usiku, lakini baridi ina sweta. Mafuriko hayana sweta.

Kuanzia Lushoto umefanya vizuri, ukichoka na milima unateremka na maji hadi baharini. Mfike Mombo, chini ya mlima, asubuhi mpande gari la mapema. Barabara ile imechongwa ubavuni mwa mlima, na udongo ukishiba mvua huporomoka. Mkikwama, mkwame mkiwa na mchana mrefu mbele yenu. Mombo msiishie kununua nyanya: reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika hapo 1905. Kwenye genge la Irente msikae kwenye ncha ya jiwe kwa ajili ya picha. Msitu wa Magamba muanze saa moja asubuhi, maana ukungu ukishuka njia zote zinafanana.

Umeandika Lushoto ya Wajerumani, Wilhelmstal, na mengineyo, Vuga ukaisahau. Hilo limenikera. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alitawala kutoka Vuga mpaka alipofariki 1862, Mjerumani hajaja. Ongeza nusu siku, na mtafute mwenyeji wa kuwatembeza, makaburi ya watawala si mahali pa kujiingilia.

Sasa Amani, kule msituni Usambara Mashariki. Siku mbili ulizoweka zinatosha. Kituo cha utafiti kilianzishwa 1902, na miti iliyoletwa kupandwa wakati ule bado imesimama. Pale Zigi ulizieni stesheni ya zamani; tawi la reli lilitoka Tengeni kufuata mbao. Na lile ua dogo la zambarau linalofugwa madirishani dunia nzima asili yake ni misitu hii. Limepewa jina la von Saint Paul, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga.

Lakini Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hapo ndipo usingizi unaponipaa. Mto Zigi ndio unaokwenda kujaza bwawa la Mabayani, yale maji wanayokunywa Tanga mjini. Mvua ikipiga juu, nyinyi mko bondeni kwenye jua mnafua soksi, na maji yako njiani yanakuja. Usiangalie wingu lililo juu ya kichwa chako, angalia mlimani. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, majani makavu na vijiti vikianza kupita, au mkisikia mawe yakigongana chini, tokeni, na mpande ukingo. Viatu mtavitafuta baadaye. Wala msilale kwenye mchanga wa mtoni hata ukiwa mkavu. Mchanga huo uliletwa na maji.

Kuvuka: maji ya kasi yakipita magoti, hamvuki. Mnarudi, au mnasubiri. Mito mifupi ya mlimani hupungua kwa saa chache tu mvua ikikata. Yakiwa chini ya goti, fungua mkanda wa begi wa kiunoni na wa kifuani, ukianguka begi liende peke yake. Vaa viatu. Shika fimbo ndefu uichomeke upande maji yanakotoka, uso uuelekeze huko huko, usogee kiupande mguu mmoja mmoja. Ukibebwa, lala chali, miguu mbele, usijaribu kusimama mpaka maji yawe machache kabisa: mguu hunasa kati ya mawe, maji yakakulaza kifudifudi, na kina hapo kinaweza kuwa cha kiuno tu. Narudia, magoti.

Kwenye vidimbwi vilivyotulia vyenye konokono msioge, kichocho hakisikii kuwa maji ni mazuri.

Pangani ni mto wa namna nyingine. Karibu na mdomo, bahari ndiyo inayouendesha. Mkikodi mashua ya kwenda juu, ondokeni maji yakijaa, mrudi yakianza kupwa, nahodha asipigane na mto. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu kuna bamvua, mkondo unakuwa na nguvu zaidi. Uliza kabla ya kulipa. Laifu jaketi kila mtu, na aivae kabla ya kupanda, mikanda imefungwa. Ikiwekwa chini ya kiti ni mto wa kulalia tu. Mamba wapo na viboko wapo, kwa hiyo hakuna kutia mkono majini, hakuna kunawa ukingoni jioni. Mkivuka kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, pandeni pantoni kama watu wengine. Mjini tembeeni kwa miguu, milango ya nakshi haionekani ukiwa kwenye bodaboda, na mwulize mwenyeji habari za Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani akanyongwa hapo Desemba 1889.

Najua utasema nakutisha. Mtu aliyepanga safari nzima hii bila kuomba shilingi si mtoto, na nimewaambia wajomba zako hivyo hivyo, kwa kujisifu. Ila kuogelea hujui, na hilo halikuanzia kwako. Mwenye kuahidi likizo baada ya likizo kuwa mwaka huu utafundishwa hukuwa wewe. Wiki mbili kabla ya safari tafuta mwalimu, gharama juu yangu.

Tanki la nyumbani linavuja tena pale pale kwenye koki. Fundi kaweka tepu, imedumu siku tatu. Yule kuku mwekundu kaatamia ndani ya kapu lako la vitabu, nimemwacha. Chaja yako iko kwenye droo ya jikoni, pamoja na fulana mbili ulizosema zimeibiwa.

Niandikie tarehe mpya. Ikibaki Aprili, niandikie pia jina la mtu atakayewaongoza Amani, na mkifika Zigi mpige simu kabla ya kushuka mtoni.

Mamako