Barua ya wazi kwa wanafunzi wapya wa falsafa ya sheria

Wanangu wapendwa,

Nimesikia kwamba muhula huu mnaanza somo la falsafa ya sheria, na kwamba baadhi yenu mmekwisha kuliogopa kwa wingi wa majina ya wanafalsafa wa Ulaya. Nawaombeni msianze na majina hayo. Anzeni na shamba moja la Wahaya.

Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kagera, aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, aliona uzee unamlemea naye hana wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kupinga. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimpa nguvu, kwa kuwa zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini si kuiuza. Tena mwaka 1968 Mahakama Kuu ilikwisha kusema kwamba, hata ikiwaonea huruma wanawake, haina uwezo wa kuitangua sheria ya mila. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, akiketi Mwanza, aliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume.

Najua mtashangilia, na mimi nilishangilia. Hata hivyo, ulizeni jaji alipata wapi uwezo ambao mwenzake wa 1968 alisema hana. Kati ya miaka hiyo, haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na sheria iliyoandamana na mabadiliko hayo ikawataka majaji wazisome sheria za zamani kwa namna inayopatana nayo. Je, alikuwa anaitafsiri sheria iliyokwishakuwapo, au alikuwa anatunga mpya? Msilijibu swali hili kwa haraka, kwa maana jaji anayeiweka kando mila kwa ajili ya haki leo, kesho anaweza kwa hoja hiyo hiyo kuiweka kando sheria mnayoipenda. Angalieni pia kwamba hakuufuta utaratibu wa ukoo: alimpa mdai miezi sita alikomboe shamba kwa kurudisha zile 300,000, kama ambavyo angeweza kufanya iwapo muuzaji angekuwa mwanamume. Mimi huiona busara kubwa zaidi hapo kuliko katika maneno makali aliyoyatumia dhidi ya ubaguzi.

Sasa mnaweza kumfungua John Austin, aliyefundisha katika karne ya 19 kwamba sheria ni amri ya mwenye enzi, na kwamba mila haiwi sheria mpaka dola iikubali. Mwulizeni basi wazee wa Kihaya walioamua mashauri ya mashamba kabla ya mkoloni walikuwa wakitumia nini. H. L. A. Hart atawasaidia zaidi, kwa kuwa yeye aliitafuta sheria katika kanuni ambazo watu wenyewe wanazikubali kuwa kipimo cha matendo yao.

Kabla ya mhadhara wenu wa pili, someni hukumu ya 1968 na ya 1990 siku moja, kisha kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa kuitetea kwa dhati ile ambayo moyo wake unaikataa.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa sheria